Heshima ya Mtumiaji Isidhaniwe Kuwa Ridhaa

Siku hizi mtaalamu aliye London aweza kuipima programu ya kompyuta kwa kumtazama, kupitia intaneti, mwalimu wa Songea anavyoitumia. Mwisho humwuliza kama ni rahisi. Mwalimu hujibu kuwa ni nzuri sana, tena hushukuru. Mtaalamu huandika kwamba jaribio limefaulu. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Mwaka 2012 ilitolewa taarifa ya utafiti uliofanywa Bangalore, India, kwa watu 450. Waliohojiwa walikipendelea kitu walichodhani kimebuniwa na mwenye kuwauliza mara 2.5 zaidi ya kingine, ingawa vyote viwili vilikuwa sawa. Mwulizaji alipokuwa mgeni mwenye kuhitaji mkalimani, upendeleo huo ulifika mara 5.

Jambo hilo halina ajabu kwa watu wa Afrika Mashariki. Mgeni hatajiwi kasoro za alicholeta. Sifa apewazo ni adabu, si ushahidi.

Ushahidi umo katika kazi yenyewe. M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa kurejeshea mikopo midogo, lakini watumiaji walionekana wakitumiana fedha wao kwa wao. Huduma iliyozinduliwa mwaka 2007 ilifuata mazoea hayo ya wananchi.

Yapo pia makosa yasiyo na sauti. Mtumishi akitakiwa kujaza saa ya kikao cha saa moja asubuhi, naye akaandika 1:00, kompyuta hupokea saa saba usiku. Haikatai wala hailalamiki, na mtazamaji wa mbali asiyejua hesabu ya saa za Kiswahili haoni kosa lolote. Baadaye lawama humwangukia mtumishi, akaitwa mzembe, na fedha za umma zimekwisha kutumika.

Kupima kwa mbali si kosa. Huokoa nauli na muda. Lakini Serikali isiupokee mfumo wowote kwa sababu tu watumiaji wameusifu. Majaribio hayana budi kuendeshwa kwa Kiswahili, na mtu asiyekuwa mbunifu wa mfumo huo. Mwalimu apewe kazi yake ya kila siku aifanye, na makosa yahesabiwe kuwa ya mfumo mpaka ithibitike vinginevyo.

Wahenga walikwisha kuonya: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekilalia aulizwe kwa namna itakayomwezesha kuwataja kunguni hao bila kuona haya.