Kabla ya mvua, liangalie tairi linalombeba mwanao

Mzazi mwenzangu, mvua za Tabora huanza kushika kasi mwezi Novemba, na kabla hazijafika nina ombi moja kwako. Asubuhi gari la shule likija kumchukua mwanao, usiishie kupunga mkono mlangoni. Toka nje, mwambie dereva mwangaluka, kisha inama uyatazame matairi. Ni kazi ya dakika mbili.

Mwaka jana nililitazama hivyo gari moja, Noah ya kukodi, lililokuwa na watoto kumi na wawili ndani (habari ya idadi hiyo tuiache kwa leo, ina makala yake). Matairi ya nyuma yalikuwa kipara. Dereva, kijana mwenye adabu zake, akanijibu, "Mama, hayo bado mazima, mwezi wa tatu huu hata pancha hayajapata." Nilimwelewa. Kwake tairi zima ni lile linalotunza upepo, na wengi wetu tunafikiri hivyohivyo. Lakini tairi linaweza kukaa miaka bila kutoboka na bado likashindwa kazi yake kubwa, ambayo ni kuishika barabara.

Sisi wa huku tuna historia ndefu na barabara. Mji wetu ulikua kwa sababu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikafika hapa na kugawanyika, mkono mmoja ukielekea Ujiji na mwingine ukipanda kaskazini kwenye ziwa kubwa. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika hapa Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda na kurudi katika njia hiyo walikuwa na kipimo chao cha utelezi, nacho ni unyayo. Mguu mtupu huhisi tope kabla mtu hajaanguka, vidole hujikunja vyenyewe. Reli ilipofika mwaka 1912 misafara ikafifia. Lami ya kwenda Itigi na Manyoni, hiyo ni ya juzi tu. Wengi wetu tumekipita kipande cha Nyahua na Chaya kikiwa vumbi kiangazi na tope masika.

Kwenye tope lile dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa, kwa sababu aliliona na kulihisi kwenye usukani. Lami iliyolowa haimpi taarifa hiyo. Inang'aa kidogo, basi, na gari linakwenda laini vilevile mpaka pale breki inapokanyagwa.

Sehemu ya tairi la gari dogo inayogusa barabara kwa wakati mmoja ni kama kiganja cha mkono wako. Viganja vinne ndivyo vinavyoshika gari zima na watoto waliomo. Mpira unashika kwa njia mbili: unajinata kwenye kokoto za lami, na unajikunja kuzifuata kokoto hizo, ukizama kidogo katikati yake na kuinuka tena. Ndiyo maana lami yenye kokoto zenye ncha hushika vizuri, na ile iliyosuguliwa na malori miaka mingi mpaka ikawa kama sakafu huteleza. Maji yakiingia katikati, mpira haugusi tena kokoto. Hapo ndipo kazi ya kashata inapoanza: ile mifereji ya tairi huyasukuma maji pembeni ili mpira ufike chini. Barabara ikiwa kavu, kipara kinaweza kushika vizuri tu, na hilo ndilo linalowadanganya madereva miezi yote ya kiangazi.

Halafu inakuja mvua ya kwanza, ambayo naiogopa kuliko ya Januari. Tangu Mei lami imekusanya vumbi, matone ya oili na unga wa mpira. Hapa kwetu ongeza mchanga unaoburutwa kutoka mitaani hadi kwenye lami. Manyunyu ya kwanza hayana nguvu ya kuvisafisha vyote hivyo. Yanavichanganya tu, vinakuwa kama mlenda. Baada ya mvua kubwa mbili tatu barabara inaoshwa na hali inakuwa afadhali.

Tufanye hesabu, uzione mita zenyewe. Gari likiwa kwenye mwendo wa 50, ambao ndio ukomo wa mjini, kwenye lami kavu yenye mshiko mzuri linasimama ndani ya mita 14 hivi tangu breki zishike. Mshiko ukipungua nusu, na kipara kwenye lami iliyolowa hufika huko kwa urahisi, zinakuwa mita 28. Kwenye mwendo wa 80, mita 36 zinakuwa 72. Na hapo sijahesabu mita zinazopita dereva akiwa bado anautoa mguu kwenye mafuta.

Upepo nao una neno lake. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, Walter Horne na mwenzake, waliokuwa wakichunguza matairi ya ndege, walieleza ni kwa mwendo gani tairi huinuliwa na maji yaliyotuama likaanza kuelea juu yake badala ya kukanyaga lami. Kwa hesabu yao, tairi lenye upepo wa 30 huelea kwenye mwendo wa kilomita 91 kwa saa au karibu na hapo. Likiwa na upepo wa 20 linaanza kuelea kwenye 75. Kwa hiyo dereva anayesema "upepo kidogo unanisaidia kushika" anasema kweli kwenye mchanga wa shamba, si kwenye lami yenye maji.

Mambo haya watu wameyasomea mpaka shahada za uzamivu. K. A. Grosch alifanya utafiti wake wa uzamivu, uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Uingereza, kwa kuburuta vipande vya mpira polepole kwenye nyuso tofauti huku akibadilisha joto, akaonyesha kwamba mshiko unategemea ulaini wa mpira, joto na mwendo kwa pamoja. Leo wanafunzi wa aina yake huiachia roboti kazi ya kuburuta: mkono wa chuma unakikandamiza kipande cha tairi kwenye kipande cha lami kwa nguvu ileile mara mia, bila kuchoka wala kupitiwa, na mwanga wa leza unasoma vibonde vya kokoto. Na hapa Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Uingereza walizunguka barabara za Kenya wakivuta kitrela chenye gurudumu moja, mwendo wa kilomita 32 kwa saa, kikijumlisha kila mruko wake. Walitaka kujua barabara mbovu inakula matairi, mafuta na vipuri kiasi gani. Matokeo ya kazi ile yaliingia kwenye hesabu ambazo Benki ya Dunia ilizitumia kuamua barabara ipi ijengwe.

Wewe huna roboti. Una njiti ya kiberiti, inatosha. Njiti ina unene wa milimita 2 hivi. Ilaze ndani ya mfereji mkubwa wa tairi. Ikijitokeza juu, kashata zimebaki chini ya hapo. Tairi jipya la gari dogo huwa na kama milimita 8, na sheria za Ulaya zinataka lisipungue 1.6. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vilivyowekwa na kiwanda kwenye kina hichohicho cha 1.6. Kashata zikilingana na vinundu, tairi limekwisha, hata fundi pancha akikuapia.

Kisha soma umri. Ubavuni tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka unakakamaa, haujikunji tena kufuata kokoto. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi litolewe likifikisha miaka 10 hata kama kashata zinaonekana nzima. Tairi la mtumba lisomee umri kabla ya bei. Na tairi la kuchonga, lile ambalo fundi amelikata mifereji mipya kwa kisu cha moto, mimi silitaki kabisa kwenye gari la abiria, kwa sababu kilichokatwa ni unene uliokuwa unalinda nyuzi za ndani.

Bodaboda vivyo hivyo, tena lenyewe lina magurudumu mawili tu na sehemu inayogusa chini ni ndogo zaidi. Ukimlipa kijana kwa mwezi ampeleke mwanao shule, tairi la nyuma ni haki yako kulikagua. Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo inakueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa, haikuelezi hali ya tairi miezi minane baadaye.

Najua utasema tairi ni ghali. Ni ghali kweli. Kuhusu ile Noah, tulimfuata mwenye gari wazazi watano, kwa sababu mmoja angeambiwa "kama hutaki, mtoe mwanao". Alilalamika, akataja bei za Mwanza na za Dar, kisha akabadilisha mawili, tukakubali nauli ipande kidogo. Tukisukuma nauli ishuke kila muhula, kitu cha kwanza mwenye gari kukiahirisha ni matairi. Tulimwomba mapya yafungwe nyuma. Wengi huyafunga mbele, lakini nyuma ikiteleza gari hujizungusha, na hilo dereva hulimudu kwa shida kuliko mbele kuteleza.

Watoto wenyewe wafundishe pia, wanapenda. Wape kizibo cha soda kilichojaa mchanga mkavu, waumwage kwenye sakafu laini ya saruji, wausambaze kwa duara mpaka ujae vibonde vyote na usibaki juu. Warudie kwenye saruji yenye kokoto. Duara la pili litakuwa dogo, kwa sababu mchanga umezama. Mainjinia wa barabara hupima lami kwa njia hiyohiyo, wao wana chupa ya kipimo na rula. Wafanyie uani, si barabarani.

Tena, yule John Boyd Dunlop aliyetengeneza tairi la upepo huko Belfast mwaka 1888 alikuwa daktari wa mifugo, na alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Ukimaliza kuyatazama manne ya chini, mwombe dereva afungue nyuma akuonyeshe la akiba. Mara nyingi ndilo lenye umri kuliko yote.