Hayabusa kitu gani bwana, nionyesheni breki!

Wiki nzima hosteli haikaliki: eti Boxer ni baiskeli yenye honi, pikipiki ni Hayabusa. Leo natema yangu, atakayenuna na anune.

Namba nazikubali. Suzuki walipoitoa Hayabusa mwaka 1999 ilikuja na silinda 4, cc 1,299, nguvu za farasi kama 175, na mwendo unaopita kilometa 300 kwa saa. Watengenezaji wakaogopa wenyewe, wakakubaliana kuzifunga zisizidi 299. Boxer 150 je? Silinda 1, farasi kama 12. Mechi imeisha, siyo?

Thubutu! Wa fizikia mnajua: ukizidisha mwendo mara 2, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara 4. Ukiwa 100, lami kavu na breki nzima, unahitaji kama mita 50 tangu ubane. Ukiwa 200 ni mita 200, viwanja viwili vya mpira. Haya, pale Kingolwira, barabara kuu ya Dar inapokatiza katikati ya watu, na malori, na watoto wa shule, hizo mita 200 mnazitoa wapi?

Ndiyo maana wahandisi wa hayo madude hawakuishia kwenye injini. Waliweka diski mbili mbele na tairi pana, na mwaka 2013 Hayabusa ikapata ABS, ule mfumo unaozuia tairi lisigande ukibana breki ghafla. Hicho ndicho cha kuonea wivu, siyo mlio!

Na hapa ndipo hasira zangu zilipo. Boxer nyingi zinazotubeba kutoka Msamvu zina breki za dramu mbele na nyuma, ABS hakuna. Zinatoka India. India hiyohiyo, tangu Aprili 2019, pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 haiuzwi kwao bila ABS. Kwa hiyo abiria wa kule ana shingo, wa Kingolwira ana kijiti?

Msiniambie bei itapanda. Chuma cha kuungia mguu nacho hakigawiwi bure. Wanaoruhusu pikipiki mpya za abiria kuingia nchini waanze kudai angalau diski ya mbele, na sisi wasomi tuache kuhesabu farasi, tupige kelele za breki. Maana hosteli nzima hii hakuna mwenye Hayabusa, ila wote tunapanda boda.

Mwenye ubishi aje rum na kalkuleta. Nawasilisha.