Jina letu si kosa la kompyuta

Wandugu, leo tunaandika na hasira kidogo, mtuvumilie.

Dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa anaomba nafasi ya masomo. Karatasi zote zilikuwa tayari: cheti cha shule, barua ya mwalimu, picha ya kitambulisho. Bando tulimchangia watu watatu. Usiku wa mwisho akapakia cheti, fomu ikamjibu eti jina la faili lina herufi zisizokubalika. Akajaribu tena, jibu lile lile. Faili lilikuwa limeandikwa jina lake mwenyewe, na jina lake lina ë katikati, na lile la pili linaanza na N' yenye ritifaa. Fomu haikumwambia ni herufi gani inayokataliwa. Saa sita usiku ikafungwa.

Kesho yake akaenda kuuliza. Aliyempokea ni mtu mwenye roho nzuri, hatumlaumu. Akamwambia: "Pole dada, siku nyingine usitumie hizo herufi za ajabu."

Sisi tunauliza: za ajabu kwa nani?

Hiyo ritifaa iko ndani ya ng'ombe. Iko ndani ya ng'ambo, na sisi wote tuko ng'ambo ya mpaka fulani. Mtoto wa darasa la kwanza anayejua Kiswahili anaiandika bila shida. Ile é iko kwenye vyeti vya vijana wengi waliotoka Kongo na Burundi, kwa sababu huko karatasi ziliandikwa kwa Kifaransa. Jirani zetu Waethiopia wana maandishi yao kamili, na Wasudani wengi wanaandika kwa Kiarabu. Tukizihesabu hizo zote kuwa za ajabu, basi kambi nzima ni ya ajabu.

Tuseme ukweli wa historia. Orodha ya herufi inayoitwa ASCII ilitengenezwa Marekani mwaka 1963. Ina nafasi 128 tu. Walioitengeneza walifikiria Kiingereza, na kwa wakati ule kompyuta zilikuwa na kumbukumbu ndogo, tunawaelewa. Lakini Unicode, inayobeba maandishi ya dunia nzima, ilitoka mwaka 1991. UTF-8, njia ya kuyaweka maandishi hayo kwenye mafaili, Ken Thompson na Rob Pike waliibuni mwaka 1992. Wengi wetu tunaoandika hapa tulikuwa hatujazaliwa. Kwa hiyo mtu akitwambia leo kwamba kompyuta haiwezi kusoma ë, anatudanganya, au amedanganywa.

Kompyuta yenyewe inakataa vitu vichache sana. Linux, kwenye jina la faili, haikubali mkwaju / na baiti ya sifuri. Basi. Windows inakataa alama tisa: < > : " / \ | ? * . Angalieni vizuri hiyo orodha. ë haimo. Ritifaa haimo. Aliyemkataa dada yetu ni mtu aliyeandika mstari mmoja wa programu unaosema "a mpaka z na namba, wengine wabaki nje," halafu akaenda kulala.

Kwa nini wanafanya hivyo? Kwa sababu waliogopa, na hofu yao ina chanzo. Tuwaeleze wadogo zetu wanaosoma programu, ili wasirithi uvivu huo.

Kwanza, nafasi na ritifaa vinavunja amri za terminali. Ukiandika rm $faili na jina ni "cheti cha shule.pdf", terminali inaona mafaili matatu. Dawa ni kuweka nukuu: rm "$faili". Jina likianza na kistari, amri italidhania ni agizo, kwa hiyo tanguliza ./ mbele yake. Ni alama mbili tatu tu.

Pili, ritifaa inavunja maswali ya hifadhidata ukiyaunga kwa kubandika maneno. Lakini anayeunga maswali namna hiyo ameacha mlango wazi kwa wezi pia. Jina la N' limemwonyesha tundu lililokuwepo tayari. Atumie maswali yenye vigezo, na ritifaa itapita salama.

Tatu, é inaweza kuandikwa kwa njia mbili: herufi moja kamili, au e ya kawaida ikifuatwa na alama inayokaa juu yake. Kwa macho ni sawa, kwa kompyuta ni tofauti. Ndiyo maana faili lililotoka kwenye Mac ya zamani linaweza "kupotea" ukilitafuta kwenye kompyuta nyingine, kumbe liko palepale. Kwenye Python dawa ni mstari mmoja: unicodedata.normalize("NFC", jina), kabla ya kulinganisha. Na ukiona NoÃ«lla mahali pa Noëlla, jua kuna mtu amesoma UTF-8 kana kwamba ni mpangilio wa zamani wa Ulaya. Jina halijaharibika, msomaji ndiye amevaa miwani ya mtu mwingine.

Wengine watasema: jamani, si rahisi tu kutumia a mpaka z? Tunakubali nusu. Mafaili ya programu yetu sisi wenyewe tunayaita kwa herufi ndogo bila nafasi, maana yanazunguka kwenye mashine nyingi, na Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo wakati Windows kwa kawaida haitofautishi. Hiyo ni nidhamu ya fundi jikoni kwake. Lakini faili la mtu anayeomba msaada si jiko lako. Lipokee lilivyo. Kwenye seva lipe namba yako, kitu kama 48213.pdf, na jina alilolileta mwenyewe lihifadhi pembeni kwenye hifadhidata, ukamrudishie vile vile akilihitaji. Namba haina ritifaa, na jina halijakatwa. Kila mtu analala.

Kwani shida iko wapi jina likikatwa? Kwa mtu mwenye pasipoti labda ni kero tu. Kwa mkimbizi, jina ni karibu karatasi yote aliyobaki nayo. Ofisi moja ikiandika N'simire, nyingine Nsimire, nyingine N simire, tayari una watu watatu kwenye mashine na mtu mmoja kwenye foleni. Siku ya kuhakikiwa ataulizwa yeye, hakuna atakayeiuliza programu. Ataambiwa alete uthibitisho kwamba yeye ndiye yeye.

Kwa hiyo tunaomba, na tunasema wazi.

Ndugu zetu wa mashirika: kabla ya kufungua fomu, ijaribuni kwa majina ya watu mnaowahudumia. Pakieni faili lenye é, lenye ritifaa, lenye nafasi, lenye Kiarabu, lenye Kiamhari. Ikikataa, irudisheni kwa aliyeitengeneza. Na fomu ikikosea iseme ni herufi gani, tena mapema.

Vijana wenzetu mnaojifunza programu, kutoka Nyarugusu hadi Nakivale hadi Kakuma: faili la kwanza la kujaribia liwe na jina la bibi yako, lote, kama anavyolitamka. Programu ikianguka, tengeneza programu.

Dada yetu ataomba tena mwakani. Tumemwonyesha namna ya kubadili jina la faili, maana anataka kusoma na mlango ni huo. Lakini tulipomaliza aliuliza, "Na cheti chenyewe, nacho nikibadili?" Tukakosa jibu. Wenye fomu wamjibu.