Kadi ya kliniki iliyozeekea sandukuni

Muulize mama yako leo: kadi yangu ya kliniki iko wapi? Kama bado anayo, atakuletea karatasi iliyokunjwa mara nne, imelala sandukuni pamoja na khanga zake za harusi. Humo kuna uzito wako wa kila mwezi, chanjo zako, na mstari uliopanda, ukalala, ukapanda tena. Nesi aliandika, mama akakunja, basi. Hakuna aliyekaa kuusoma mstari wako pamoja na ya wenzako ili nchi ijifunze kitu.

Hiyo ndiyo hasira yangu ya leo, jamani.

Takwimu za kitaifa za 2022 zinasema watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Vizuri, tumeshuka. Lakini waliopimwa 2022 sio wale wa 2015. Kila mara tunapiga picha ya watoto wengine. Picha inakuambia mtoto ni mfupi kuliko umri wake. Haikuambii alianza kudumaa lini: tumboni? Alipoachishwa ziwa? Au alipoharisha masika nzima? Bila kumfuata mtoto yule yule tangu mama yake ana mimba, tunabahatisha.

Wenzetu wa Bristol, Uingereza, waliandikisha wajawazito zaidi ya 14,000 waliotarajia kujifungua kati ya Aprili 1991 na Desemba 1992. Hadi leo wanazifuatilia familia hizo. Faida yake? Mwaka 2004 Marekani iliwashauri wajawazito wasizidishe gramu 340 za samaki kwa wiki, kwa hofu ya zebaki. Mwaka 2007 takwimu za Bristol zikaonyesha kuwa watoto wa akina mama waliokula chini ya kiasi hicho ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki nyuma kwenye vipimo vya akili vya lugha. Swali la namna hiyo hulijibu kwa kupita kijijini mara moja na dodoso. Unaandika mama alikula nini, halafu unamsubiri mtoto afike miaka minane.

Najua mtasema: hatuna pesa, wale ni Wazungu. Haya, tuzungumzie pesa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2000 ya kufuatilia watoto, ikapanga 100,000, tangu mimba hadi miaka 21. Mradi ukafungwa Desemba 2014, zaidi ya dola bilioni 1 zikiwa zimekwenda. Lakini Soweto na Johannesburg walianza 1990, ubaguzi wa rangi ukiwa bado haujazikwa, na watoto zaidi ya 3,000. Watoto wale wakaendelea kufuatiliwa hadi wakawa watu wazima wenye watoto wao. Kumbe uvumilivu na mpango unaobebeka vina uzito kuliko mfuko mnene.

Hata hapa kwetu kazi hii inawezekana. Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa nchi nane ulioanza 2009, ukifuata watoto tangu uchanga. Ila fedha zilitoka mfuko wa Bill Gates. Simlaumu mfadhili. Nauliza tu: mwenye fedha akiondoka, nani anaendelea kumfuata mtoto? Na matokeo yakichapishwa kwa Kiingereza, mama aliyetoa damu na kinyesi cha mwanawe atayasoma wapi?

Ninachodai si kikubwa. Tuchague wilaya chache, tuandikishe wajawazito, serikali iweke fungu lake lisilokatwa kila bajeti inapobana. Maswali yaulizwe kwa Kiswahili na majibu yarudi kwenye mkutano wa kijiji kwa Kiswahili. Tuanzie na kadi ambayo mama tayari anaibeba kila mwezi, kwa miguu, juani.

Akina mama wametimiza sehemu yao miaka yote hii. Sisi wasomi tulikuwa wapi?