Timu imefika Babati, je, fedha zimefika Nambis?

Wafanyabiashara wa Mbulu na Hanang walipata bidhaa mpya sokoni katika msimu wa 2024/25. Bidhaa hiyo ni timu ya Ligi Kuu. Fountain Gate, ambayo msimu uliotangulia ilikuwa ikiitwa Singida Fountain Gate, ilihamishia michezo yake ya nyumbani katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati, na mara moja watu wakaanza kupiga hesabu. Mwenye nyumba ya wageni anafikiria vyumba vya kuongeza. Kijana wa Nambis anafikiria kukopa fedha za kikundi akachukue jezi kwa bei ya jumla Kariakoo. Maoni ya safu hii ni kwamba timu hiyo ni soko zuri kwa anayeuza, na ni dhamana mbaya kwa anayekopa.

Tuanze na kalenda. Ligi Kuu ya msimu huo ilikuwa na timu 16, hivyo kila timu ilicheza michezo 30, na 15 kati ya hiyo nyumbani. Mnada wa kila wiki unampa mchuuzi siku 52 za kuuza kwa mwaka. Ligi inampa 15. Tena siku hizo hazilingani. Simba ilifika Kwaraa Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, wakatoka sare ya bao 1-1. Yanga ilifika Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, ikashinda 4-0. Hizo ndizo siku mbili ambazo mtu wa Haydom au Katesh anakubali kupanda gari, kulala mjini na kula nje. Michezo iliyobaki 13 inaletwa na timu ambazo mashabiki wake wengi wako mbali, na mwenyeji wa Babati anayekwenda kuitazama hurudi kulala kwake.

Sasa tuseme mama lishe anapata faida ya ziada ya shilingi 40,000 kila siku ya mchezo. Huu ni mfano tu, kila mtu aweke tarakimu zake. Mara 15 ni shilingi 600,000 kwa msimu mzima. Akiwa amekopa milioni moja kwa riba ya asilimia 10 ili ajenge banda karibu na uwanja, atadaiwa 1,100,000, na msimu utakwisha banda limelipa zaidi kidogo tu ya nusu ya deni kwa michezo pekee hata kama kila tarehe ikitimia na mvua isinyeshe. Nusu yenyewe anaipita kwa shilingi 50,000 tu. Mwenye kibanda kile kile karibu na stendi, anayeuza kila siku na kupata nyongeza siku za mchezo, yuko katika biashara nyingine kabisa.

Na tarehe zenyewe si za kutegemea. Mwezi Machi 2025 nchi nzima iliona mchezo wa Yanga na Simba uliopangwa tarehe 8 ukiahirishwa siku ile ile, watu wakiwa wamekwisha safiri. Ulichezwa tarehe 25 Juni. Aliyekuwa amekaanga samaki au kukodi Coaster kwa siku hiyo hakufidiwa na mtu.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba timu huhama. Mtu wa Nambis amezoea mali isiyohamishika, shamba likiwa hapa leo litakuwa hapa hata mjukuu akizaliwa. Timu ya mpira ni kama duka la kupanga. Hii hii ya Babati ilianza msimu wa 2023/24 ikiwa Singida, ikahamia Mwanza kabla msimu haujakwisha, ndipo ikaja Manyara. Katika msimu huo huo Ihefu ya Mbarali nayo ilihamia Singida, na sasa inaitwa Singida Black Stars. Waliojenga hesabu zao juu ya Ihefu kule Mbarali walibaki na mabanda.

Wamarekani waliyaona haya zamani walipoanzisha ligi ya kulipwa ya mpira wa miguu wa ukumbini, wachezaji sita kila upande, mwezi Desemba 1978. Zilianza timu sita. Cincinnati Kids ilikuwa na Pete Rose, nyota mkubwa wa besiboli, miongoni mwa wamiliki wake, na bado ilikufa baada ya msimu mmoja. Houston Summit ilihamia Baltimore mwaka 1980. New York Arrows ilitwaa ubingwa wa misimu minne ya mwanzo mfululizo, kisha ikafungwa mwaka 1984. Ligi yenyewe ilikoma mwaka 1992. Kumbi walizochezea ziliendelea kuingiza fedha kwa muziki na michezo mingine. Aliyekuwa na ukumbi alipoteza mpangaji, aliyekuwa na timu alipoteza mtaji.

Fountain Gate yenyewe ilimaliza msimu wake wa kwanza Babati katika nafasi ya 14, ikaangukia kwenye michezo ya mtoano na kubaki Ligi Kuu baada ya kuitoa Stand United ya Shinyanga. Yaani ratiba ya Simba na Yanga kuja Babati mwaka uliofuata ilitegemea michezo miwili. Hakuna benki ambayo ingekubali dhamana ya namna hiyo, na mimi sioni kwa nini kikundi cha kukopeshana kiikubali.

Wapo watakaosema fedha za ligi ni nyingi. Ni kweli. Mkataba wa haki za matangazo kati ya TFF na Azam Media wa mwaka 2021 ulikuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na NBC ilisaini mwaka 2023 udhamini wa bilioni 32.6 kwa miaka mitano. Lakini fedha hizo zinaingia kwa klabu na kutoka kwa mishahara, usafiri na usajili. Mwekezaji mdogo hana hisa ya Fountain Gate ya kununua katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo gawio halimhusu. Njia yake ya kuigusa fedha hiyo ni kuiuzia klabu kitu.

Hapa ndipo naona Nambis imelala. Kila mtu anawatazama mashabiki, ambao huja siku 15, na hakuna anayeitazama jiko. Wachezaji na walimu wao wanakula kila siku ya kambi, tena chakula kingi. Maharage, viazi, mayai, mboga, na vitunguu saumu ambavyo Mbulu inavifahamu kuliko mikoa mingi, vyote vinaweza kuteremka kutoka Mbulu kupitia Dareda hadi Babati kwa gari lile lile linalopeleka mazao sokoni. Timu ikihama, mzigo unauzwa sokoni Babati kama ulivyouzwa kabla timu haijaja, na hakuna banda lililobaki tupu.

Atakayejaribu aende kwa mpishi wa kambi kabla ya ligi kuanza, akiwa na bei ya kilo na siku za kufikisha mzigo. Malipo yawe taslimu mzigo unapopokelewa, au kwa wiki, si mwisho wa msimu.