Ritifaa na Swali la Umiliki

Wapo wanaodhani kuwa ritifaa ni pambo la maandishi. Sivyo. Katika Kiswahili alama hiyo hubeba sauti: iondoe katika "ng'oa", nawe utabaki na "ngoa", yaani wivu. Kiingereza huipa, pamoja na kazi nyingine, kazi ya kuonyesha umiliki. "Farmer's" ni ya mkulima mmoja. "Farmers'" ni ya wakulima wengi. Alama ikivuka herufi moja tu, mali hubadili wenyewe.

Kwa watu wa Mponde, huko Usambara, umiliki si mada ya darasani tu. Kiwanda cha chai cha hapo kilifungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro uliohusu swali hilohilo: ni mali ya nani? Sisemi kwamba ritifaa ndiyo iliyokifunga. Nasema mkulima anayeletewa hati asiyoweza kuisoma hawezi kujua amepewa nini wala ametoa nini.

Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha katika kidato cha kwanza hukabidhiwa Kiingereza. Tunawacheka wakikosea ritifaa, ilhali hatukuwaeleza kwamba alama wanayoijua imebadilishiwa kazi. Mwalimu na aanzie hapo. Tena, ikiwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini, mikataba ya wakulima nayo iandikwe kwa Kiswahili. Asiyeelewa maandishi asilazimishwe kuyatia saini.