Rubani aliyeitwa mshika usukani

Katika memwari zetu za lugha za Kiafrika kuna ukurasa mmoja ambao sisi wote tunauandika na karibu hakuna anayeusoma. Ni ukurasa wa watoa habari. Humo utakuta: mtoa habari wa kwanza, mwanamke, miaka 70, mkulima, hajasoma. Mtoa habari wa pili, mwanaume, miaka 66, mvuvi, hajasoma. Kisha unafungua jalada na kukuta jina kamili la kijana wa miaka 24, kwa herufi kubwa, na yeye anaitwa mtafiti. Mimi mwenyewe niliandika ukurasa kama huo mwaka uliopita, na nilipata alama nzuri. Leo ninataka kuupinga. Na ili nieleweke, nitaanza mbali kidogo, kwa maisha ya mtu wa meli za mvuke na reli aliyegeuka kuwa mwanasiasa: Robert Smalls wa Carolina Kusini, Marekani.

Smalls alizaliwa mtumwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji wa Beaufort, katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya bwana wake. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumishi wa nyumba hiyo. Alipofika miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa. Alihudumu hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akaingia bandarini: kupakua mizigo, kushona matanga, na mwishowe kuongoza meli. Mshahara ulikwenda kwa bwana, yeye akaachiwa dola moja kwa wiki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, alikuwa kwenye Planter, meli ya mvuke iliyojengwa kubeba pamba, ambayo sasa ilibeba silaha za jeshi la majimbo ya Kusini. Aliijua bandari ya Charleston kwa undani: mafungu ya mchanga, mikondo, saa za maji kujaa na kupwa, mahali mabomu yalipotegwa. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya rubani. Lakini cheo cha rubani hakikuweza kupewa mtu mweusi. Kwa hiyo walimtafutia neno jingine: mshika usukani. Kazi ilikuwa ileile na hatari ilikuwa ileile. Kilichopunguzwa ni jina.

Mwanaisimu anapaswa kusimama hapa kidogo. Sisi hufundishwa kwamba maneno mawili yakitaja kitu kimoja, lazima kuna tofauti nyingine iliyofichwa. Kati ya “rubani” na “mshika usukani” tofauti haikuwa ya maana ya kazi. Ilikuwa ya umiliki. Rubani anamiliki ujuzi wake. Mshika usukani ana mikono tu, na ujuzi unahesabiwa kuwa wa aliyemwajiri. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye bato za Lualaba kabla ya uhuru. Aliusoma mto usiku kwa kusikiliza maji. Kwenye karatasi yake ya kazi, ambayo mama bado anaihifadhi, ameandikwa “msaidizi”. Nilipokuwa mdogo nilidhani kweli alikuwa akimsaidia mtu.

Turudi Charleston. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maafisa wazungu wa Planter walishuka kwenda kulala nchi kavu. Smalls, akiwa na miaka 23, alivaa kofia ya ukindu ya kapiteni, akaondoa meli gatini pamoja na wenzake, akawachukua mke wake Hannah, watoto wao na familia za wenzake, akaelekea baharini. Kila ngome ilikuwa na ishara yake ya honi. Alizipiga zote kwa usahihi. Mbele ya Fort Sumter alisimama kama kapiteni alivyozoea kusimama, na mlinzi akamruhusu apite. Walipotoka nje ya mizinga, walishusha bendera ya Kusini na kupandisha shuka jeupe, wakajisalimisha kwa meli ya jeshi la Kaskazini, USS Onward.

Mtu huyo siku hiyo hakujua kusoma. Katika orodha zetu tungemwandika: mwanaume, miaka 23, mtumwa, hajasoma. Lakini alikuwa amesoma bandari, ishara, mavazi, mwendo wa mtu mwingine na saa za walinzi. Mfumo mzima wa alama aliujua kwa usahihi kiasi kwamba kosa moja lingewaua wote waliokuwa ndani.

Baada ya hapo maisha yake yalikwenda kasi. Alipewa dola 1,500 kama sehemu yake ya thamani ya meli. Mwishoni mwa mwaka 1863 alifanywa kapiteni wa Planter hiyohiyo. Mwaka 1864 aliipeleka Philadelphia kufanyiwa matengenezo, na wakati mafundi wanaitengeneza meli, yeye alitafuta walimu akajifunza kusoma na kuandika. Katika mji huohuo aliamriwa aache kiti chake ndani ya gari la reli la mjini, lililovutwa na farasi, kwa sababu ya rangi yake. Alishuka. Jambo hilo lilizua malalamiko makubwa, na mwaka 1867 sheria ya Pennsylvania ilikataza ubaguzi katika magari hayo.

Vita vilipokwisha alirudi Beaufort. Nyumba aliyozaliwa nyuma yake alikuwa ameshainunua katika mnada wa serikali wa mali zilizodaiwa kodi. Alifungua duka, na mwaka 1870 akawa miongoni mwa watu waliounda Enterprise Railroad, reli ya farasi ya kubeba mizigo kutoka gati za Charleston. Wakurugenzi wake karibu wote walikuwa weusi. Ndiyo kusema, aliyeshushwa kwenye gari la reli mwaka 1864, miaka sita baadaye alikuwa mmoja wa wenye reli.

Siasa aliiingia mwaka 1868, kama mjumbe wa mkutano wa kuandika katiba mpya ya Carolina Kusini. Pale alipigania shule za bure kwa watoto wote. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani alitaka mtoto yeyote asisubiri kama alivyosubiri yeye. Alikaa katika bunge la jimbo, kisha seneti yake, na kuanzia 1875 alihudumu kwa vipindi kadhaa katika Congress ya Marekani. Sitaki kumfanya malaika: mwaka 1877 mahakama ilimhukumu kwa rushwa katika mkataba wa uchapaji, wakati wapinzani wake wameshika serikali ya jimbo, na mwaka 1879 gavana alimsamehe. Wanahistoria bado wanajadili kesi ile. Waliompigia kura waliendelea kumpigia, na sababu mojawapo ni ya lugha: alizungumza Kigullah, lugha ya watu weusi wa visiwa na pwani ile.

Kigullah ndicho kinachotuhusu sisi hapa moja kwa moja. Kwa muda mrefu wasomi walisema ni Kiingereza kilichovunjika tu, cha watu wasioweza kutamka vizuri. Kisha akaja Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu mweusi, aliyekwenda visiwani miaka ya 1930 na kuwasikiliza wazee. Kitabu chake cha mwaka 1949 kilionyesha maelfu ya maneno na majina yanayotoka Afrika, na Kikongo ni mojawapo ya lugha zilizotoa kwa wingi. Neno la karanga waliloliita goober ni jamaa ya nguba yetu, ileile inayouzwa kwa kopo sokoni leo. Pinda, jina jingine la karanga, linatoka mpinda. Waliochukuliwa kwa minyororo kutoka pwani yetu walivuka bahari na sarufi zao. Turner aliweza kuliona hilo kwa sababu alijifunza lugha za Kiafrika. Na ndani ya kitabu aliwataja wazee hao kwa majina, kisiwa kwa kisiwa. Alitumia neno la kawaida la taaluma yake, ndiyo, lakini hakuwaacha bila majina.

Sasa tufike mwaka 1895. Carolina Kusini iliitisha mkutano mwingine wa katiba, na lengo halikufichwa: kuwaondoa weusi, waliokuwa wengi wa wakaaji wa jimbo, kwenye daftari la kura. Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa sita, na Smalls alikuwa mmoja wao. Silaha iliyochaguliwa haikuwa bunduki. Ilikuwa lugha. Mpiga kura atatakiwa asome na kuandika kifungu chochote cha katiba, au awe na mali ya dola 300 inayolipiwa kodi. Kwa miaka ya mwanzo, asiyejua kusoma angeweza kukubaliwa kama “ataelewa na kueleza” kifungu atakachosomewa. Na nani ataamua kwamba ameelewa? Mwandikishaji mzungu. Mzungu asiyejua kusoma angeelewa daima. Mweusi asingeelewa kamwe.

Smalls alisimama akapinga, akashindwa, na mwishowe akakataa kutia sahihi. Alikuwa na miaka 56. Shule alizozipigania mwaka 1868 zilitoa kusoma kama mlango. Mwaka 1895 kusomahuko kukageuzwa kufuli. Alifariki mwaka 1915 katika nyumba ile ya Beaufort, katika jimbo ambamo watu wachache mno wa rangi yake waliweza kupiga kura.

Ninachokiona katika maisha haya, kuanzia “mshika usukani” hadi “hajasoma”, ni jambo moja. Mwenye kalamu ndiye anayeamua jina la ujuzi wa mwingine, na kwa jina hilo anaamua nani ataingia na nani atabaki nje. Sisi, wanafunzi wa lugha za Kiafrika nchini Kongo, tuna kalamu. Katiba yetu ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Tunalalamika, na tuna haki, kwamba lugha hizo nne zinabaki mlangoni mwa ofisi. Lakini katika kazi zetu wenyewe, anayezijua kuliko sisi tunamwita mtoa habari, kana kwamba alituonyesha njia ya kwenda sokoni. Mama aliyenifundisha ngeli zote za lugha yake kwa siku kumi na moja, akinirekebisha toni kila nilipokosea, akicheka, akirudia, huyo alikuwa mwalimu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Memwari yangu inasema kinyume.

Najua majibu ya walimu wetu, na ninayaheshimu. Wa kwanza ataniambia: hilo ni neno la kitaalamu tu, halina dharau. Nami najibu kwa heshima kwamba “mshika usukani” nalo lilikuwa neno la kitaalamu. Wa pili ataniambia: kuna wazee wasiotaka majina yao yaandikwe, na katika maeneo ya vita jina linaweza kumletea mtu hatari. Hilo ni kweli, na mimi ninayetoka mashariki ninalijua. Basi tuwaulize. Anayekataa afichwe. Lakini tusiwafiche wote kwa mazoea halafu tuseme tunawalinda. Wa tatu ataniambia: jalada lina kanuni zake. Kanuni ziliandikwa na watu, na baraza la fakulti hukutana kila mwaka.

Ninapendekeza mambo matatu, yasiyohitaji bajeti. Kwanza, ukurasa wa watoa habari uitwe ukurasa wa walimu wa lugha, na anayekubali aandikwe kwa jina lake na kwa kile alichofundisha: mwalimu wa majina ya samaki, mwalimu wa methali, mwalimu wa toni. Pili, neno “hajasoma” liondoke. Kama elimu ya shule inahitajika kwa uchambuzi, iandikwe miaka ya shule, kama tunavyojiandikia sisi. Tatu, kila memwari iwe na muhtasari wa kurasa mbili katika lugha iliyochunguzwa, na mwanafunzi aurudishe na kuusoma mbele ya waliomfundisha, kabla ya kuja kuutetea mbele ya walimu wa chuo. Wakisema “hapa umekosea”, arekebishe.

Hili la tatu ndilo litakalotusumbua zaidi, kwa sababu wengi wetu tunaweza kuichambua lugha kwa Kifaransa lakini hatuwezi kuiandika kurasa mbili bila makosa. Mimi nimejaribu tangu Januari. Nimefika ukurasa mmoja na nusu. Wakati wa likizo kubwa nitarudi kwa yule mama nikamsomee, na najua atanirekebisha toni tena. Safari hii nitaandika kwamba ni yeye aliyenirekebisha.